Tulifuata Maji Kutoka Ziwani Hadi Ndani ya Bidoni

Mwezi huu hatukwenda mbali. Safari yetu haikuvuka hata mpaka wa makazi ya Nakivale. Tulikwenda kwa miguu siku mbili, sisi walimu watatu wa kujitolea pamoja na wanafunzi kumi na wanne wa praimari sita, tukifuata maji tunayokunywa tangu yanapovutwa ziwani, mtamboni, kwenye bomba, mpaka ndani ya nyumba. Kina mama kwenye foleni huuliza kila siku: haya maji ni mazuri? Nasi tukaongeza swali la pili: kama mtu ameyapima, majibu yake yako wapi?

Tulianzia ukingoni mwa Ziwa Nakivale kabla jua halijapanda. Wengi wetu tumekaa hapa miaka mingi na ziwa tunaliona kwa mbali tu, kama kipande cha bati kinachong'aa nyuma ya migomba. Ukilifikia ni habari nyingine. Si ziwa la kina kirefu, na maji yake siku ile yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Wavuvi walikuwa wanarudi, viboko wawili wametoa pua nje, na ng'ombe wa pembe ndefu, wale wa Ankole, wamekwisha ingia majini mpaka magotini. Tuliwaeleza wanafunzi kwamba ziwa hili na wenzake, Mburo, Kachera na mengine, ni mtandao mmoja wa maziwa na mabwawa, na kwamba mto Rwizi unaoulisha mtandao huo unapita kwanza Mbarara mjini. Kwa hiyo kinachotupwa mtoni huko juu kina njia ya kutufikia sisi huku chini. Mtoto mmoja akaziba pua. "Mwalimu, ndiyo haya tunakunywa?" Tukamwambia ndiyo, ila ngoja kwanza.

Mtamboni tulipokelewa na fundi wa zamu, mtu wa maneno machache mpaka umuulize habari ya shabu. Hapo hanyamazi. Alisema matope ya ziwani ni chembe ndogo mno, kila moja inaisukuma mwenzake, ndiyo maana ukiyaacha maji hayo kwenye ndoo usiku kucha asubuhi bado yana ukungu. Shabu inazipatanisha. Zinashikana, zinakuwa mafungu, zinakuwa nzito, zinazama. Maji yanayobaki juu yanapita kwenye mchanga wa kuchujia, halafu ndipo klorini inatiwa. Mpangilio huo haugeuzwi, kwa sababu ukitia klorini kwenye maji machafu inamalizia nguvu zake kwenye matope, na vijidudu vinabaki vinacheza.

Alituonyesha mrija mrefu wa plastiki wenye alama nyeusi chini. Unamimina maji polepole huku unachungulia kutoka juu, na pale alama inapopotea unasoma namba ubavuni. Maji ya ziwa yaliifuta alama kabla mrija haujajaa hata vidole vinne. Maji yaliyochujwa yalijaa mpaka juu na alama bado inaonekana, maana yake yako chini ya 5, kiwango kinachotakiwa. Watoto waligombania ule mrija kama mpira.

Klorini, alisema, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuua vijidudu, nayo inahitaji kama nusu saa. Ya pili ni kubaki. Ile inayobaki baada ya kazi ya kwanza ndiyo inayosafiri na maji ndani ya mpira na ndani ya bidoni yako, ikingoja mkono mchafu au kikombe kichafu. Inapimwa kwa miligramu katika lita moja, na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi linataka bombani ipatikane kati ya 0.2 na 2. Ikiwa sifuri si lazima maji yawe mabaya, lakini hayana mlinzi tena.

Kuna kipimo kingine cha kutafuta vijidudu vya kinyesi chenyewe. Wanachuja mililita 100 za maji kwenye karatasi maalumu, wanaiweka kwenye joto la nyuzi 44, na baada ya saa kumi na nane hivi wanahesabu vidoa vya njano. Maji yaliyotiwa dawa hayatakiwi kuwa na hata kidoa kimoja. Kipimo hicho ni cha kuaminika, lakini angalieni shida yake: majibu yanatoka kesho, na maji yamekwisha nywewa leo. Ndiyo maana klorini hupimwa kila siku. Ile unapata jibu lake papo hapo, bidoni ikiwa bado chini ya robine.

Sisi walimu tulipenda zaidi daftari la yule fundi. Lilikuwa limechakaa, na doa la mafuta kwenye jalada. Kila saa alizopima ameandika, na namba zake zinapanda na kushuka. Mahali fulani amekata na kuandika upya. Mahali pengine ameandika pembeni: mvua kubwa usiku, shabu imeongezwa. Mtu anayesahihisha madaftari ya watoto kila jioni anajua tofauti ya kazi iliyofanywa kweli na kazi iliyonakiliwa njiani kuja shule. Lile lilikuwa la kazi iliyofanywa.

Kutoka hapo tukaufuata mpira wa maji. Fundi alituazima kisanduku kidogo cha plastiki chenye vyumba viwili, na vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja. Unajaza maji, unatia kidonge bila kukigusa kwa kidole, unatikisa, unatazama rangi. Kama klorini ipo maji yanakuwa ya waridi, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo waridi inavyokolea. Bomba la kwanza lilitoa waridi ya kupendeza na watoto wakapiga makofi. La pili vilevile. La tatu, karibu na soko la Isangano, likafifia. Bomba la mwisho wa mstari, kule mlimani, maji yalibaki meupe kama tulivyoyateka. Tukatikisa tena. Meupe.

Hakuna uchawi hapo. Klorini inatumika njiani. Mpira ukiwa mrefu, ukiwa na utando ndani, ukipasuka mahali na kufungwa kwa raba, klorini inaliwa kidogo kidogo. Mbaya zaidi ni pampu inapozimika. Mpira ukikaa mtupu, kila mahali palipopasuka panaanza kuvuta ndani kile kilicho nje, na huko nje mnajua kuna nini. Maji ya kwanza baada ya ukame wa siku mbili ndiyo watu wanayokimbilia kwa furaha, na ndiyo yanayohitaji kuogopwa kuliko yote.

Sasa tunafika kwenye kituo ambacho hatutakitaja jina, kwa sababu hatukwenda kumharibia mtu. Kituo kina robine nne na ukuta mdogo, na kwenye ukuta kuna karatasi ndani ya nailoni. Karatasi imeandikwa Kiingereza, vifupisho vitupu. Tulisimama kuisoma tukiwa tumefurahi kwamba angalau hapa majibu yamewekwa mbele ya watu. Safu ya klorini ilisema 0.5. Kesho yake 0.5. Asubuhi 0.5, jioni 0.5. Mwezi mzima 0.5, kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja ulionyooka. Msichana mmoja wa darasa letu, ambaye hesabu si somo analolipenda, akaweka kidole kwenye karatasi. "Mwalimu, hizi siku mbili si ndizo pampu iliharibika?"

Ndizo. Siku zile maji hayakutoka kabisa, shule ilifungwa mapema watoto waende kutafuta maji bondeni. Karatasi ilisema 0.5, asubuhi na jioni.

Mhudumu wa kituo hakukasirika. Alikuwa kijana wa rika letu, mgeni si mgeni, tumecheza naye mpira. Alituvuta kando akasema vidonge vya kupimia vimekwisha siku nyingi. Aliomba, akaambiwa vinakuja. Mwisho wa mwezi anapita mtu kuchukua karatasi, na karatasi yenye nafasi tupu inaleta maneno. Ile posho ndogo anayopata ndiyo inanunua sabuni ya nyumba nzima. "Nikiacha wazi, nitaonekana sifanyi kazi. Nikiandika sifuri, wataniuliza nimepima kwa nini." Tukamuuliza kama kuna aliyewahi kushangaa namba isiyobadilika hata siku moja. Akacheka tu.

Kwa maoni yetu lawama nyingi si za kijana huyu. Karatasi yenye namba moja mwezi mzima inapita mezani kwa watu kadhaa waliosoma kutushinda, na ni mtoto wa praimari sita aliyeiuliza swali la kwanza. Rejista ya darasa ikionyesha watoto sitini wamefika kila siku, hata siku ya mvua ya mawe, mkaguzi anajua mwalimu hakuita majina. Kwa nini maji yawe rahisi kuliko rejista?

Msidhani ni mambo ya kwetu maskini tu. Mwenzetu aliyekuwa anafundisha hapa, ambaye sasa yuko Ontario nchini Kanada, alitusimulia habari za mji mdogo wa huko uitwao Walkerton, na tumesoma zaidi. Ni mji wa watu kama 5,000, wenye visima vyake na wahudumu wake. Mwezi Mei 2000 mvua kubwa ilisukuma vijidudu kutoka kwenye mbolea ya ng'ombe vikaingia kisima kimoja kifupi. Waliougua walikuwa zaidi ya 2,300, na watu 7 wakafa. Jaji O'Connor alichunguza, na ripoti yake ya mwaka 2002 inaonyesha kwamba kwa miaka mingi wahudumu walikuwa wanajaza kwenye karatasi namba za klorini bila kupima. Karibu kila siku iliandikwa 0.5 au 0.75. Tuliposoma hapo tulitazamana. Majibu ya maabara yaliyosema maji yana vijidudu yalimfikia meneja tarehe 17 Mei, lakini idara ya afya ilipopiga simu iliambiwa maji hayana shida. Tarehe 21 Mei daktari wa afya ya jamii, akitazama wagonjwa tu, aliamua kutangaza watu wachemshe. Siku nne hizo watu walikuwa wanakunywa.

Nchi yenye umeme kila nyumba, barabara za lami, maabara. Karatasi ya uongo iliwafikisha hapo.

Na sisi tuna historia yetu. Wazazi wetu waliokuwa Goma mwaka 1994 hawahitaji kusimuliwa. Wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu, mwezi wa kwanza peke yake walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Hapa Uganda, Februari 2018, ndugu zetu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri walipatwa na kipindupindu Kyangwali na sehemu za jirani, na watu zaidi ya 40 walifariki. Mzee mmoja tuliyemkuta njiani, aliyekuwa Goma, alisikiliza maelezo yetu ya waridi na meupe mpaka mwisho, kisha akasema yeye akiona maji meupe hayaulizi rangi, anayachemsha. Kuni zake anajua mwenyewe anazipata wapi.

Siku ya pili tuliingia majumbani, tukiomba ruhusa. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitegemea. Mama mmoja wa Kisomali anayeteka kwenye bomba zuri, lile la waridi iliyokolea, alituruhusu kupima maji aliyoyateka jana yake mchana. Hakuna rangi. Tukapima ya jirani yake Mrundi, aliyeteka asubuhi ileile kwenye bidoni aliyoisugua kwa mchanga na changarawe. Waridi, hafifu lakini ipo. Bomba ni moja. Tofauti ni saa zilizopita, jua, kikombe kinachotumbukizwa, na ule utelezi wa kijani ndani ya bidoni ambao kitambaa hakifiki.

Jambo hili wataalamu wamelichunguza kwenye kambi kama zetu. Mwaka 2013 walifuata maji kutoka bombani mpaka majumbani kwenye kambi za wakimbizi za Sudan Kusini, na walipochapisha mwaka 2015 walisema pale namba iliyokuwa inatosha bombani haikutosha nyumbani. Walishauri bombani iwe 1.0, ili baada ya saa kumi nyumbani ibaki angalau 0.2. Kwa hiyo hata karatasi ya kweli, yenye 0.5 ya kweli, inakueleza habari za bomba tu. Haikuelezi habari za mtungi wako.

Shida ni kwamba ukiongeza klorini watu wanalalamika harufu. Wengine wanamwaga na kwenda kuteka bondeni, eti maji ya bondeni ni matamu. Kuna na yale maneno kwamba dawa ya maji inazuia kina mama kupata mimba. Tumeyasikia mpaka kwa wasomi. Shirika la Afya Duniani linaruhusu mpaka 5 katika lita, mara kumi ya ile 0.5, na mtu anywe maisha yake yote. Na kama dawa ya maji ingezuia mimba, jamani, tungekuwa na watoto mia na kumi kwenye darasa moja?

Jioni ya siku ile tulikwenda kwa kamati ya maji ya eneo letu na ombi moja. Pawepo ubao kwenye kituo, wa lugha zetu, Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali, wenye mraba mmoja tu unaopakwa chaki. Waridi iliyokolea, klorini ipo ya kutosha. Waridi hafifu, kunyweni leo, msilaze. Mraba mtupu, hakuna klorini, chemsheni au tieni kidonge cha dawa. Na kama hakuna kipimo kilichofanyika, chora mstari ukate mraba, usiandike namba. Tulisisitiza hiyo ya mwisho kuliko zote.

Majadiliano yalikuwa makali. Mjumbe mmoja, mama anayeheshimika sana, alisema tukitangaza mraba mtupu watu watakimbilia bondeni ambako ni kubaya zaidi, na watawapiga wahudumu. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mwingine akasema majibu ni ya ofisi, si ya foleni. Huyo hatukukubaliana naye, na tunalisema hapa waziwazi. Huko Marekani sheria ya mwaka 1996 inayataka mashirika ya maji ya jamii yawaandalie wateja wao ripoti ya maji kila mwaka kabla ya tarehe 1 Julai, na hata mfumo mdogo wa watu wasiozidi 500, ambao haulazimiki kuituma, ni lazima uwaambie watu kwamba ripoti ipo na wanaweza kuiomba. Hao wana mwaka mzima. Sisi tunaomba mraba wa chaki wa siku ileile. Anayekunywa ndiye mwenye majibu.

Mwishowe kamati ilikubali kituo kimoja kwanza, kwa msimu huu wa mvua. Kijana wa 0.5 ndiye aliyeomba kiwe chake. Vidonge vya kupimia alipewa pakiti moja na yule fundi wa mtamboni, na wanafunzi wetu wawili wawili wanakwenda kushuhudia Jumatatu na Alhamisi baada ya masomo. Alhamisi ya kwanza mraba ulikuwa hafifu. Jumatatu iliyofuata ukawa mtupu, na kufikia jioni kuna mtu aliyekuwa amechora waridi kwa mkono wake mwenyewe. Watoto walifuta, wakapima tena mbele ya foleni, wakaacha mtupu. Kulikuwa na maneno. Kina mama wawili waliondoka na bidoni tupu, wengine waliteka na kwenda kuchemsha. Jumatano mafundi walikuja kuchimba, wakakuta mpira umepasuka chini ya njia ya ng'ombe, mita chache tu kutoka choo cha jirani.

Kituo hicho mtakijua kwa ubao. Pakiti ya vidonge imebaki nusu, na kamati imeandika barua ya kuomba nyingine. Chaki nyekundu tunaitoa shuleni nayo inaelekea kwisha. Mvua ikinyesha upande wa ziwa ubao unaloa wote, kwa hiyo mwenye kipande cha turubai kisicho na kazi akilete kwa mwalimu wa zamu, hata kikiwa na tundu.